Sanamu ya Luhaga Haikauki

Shangazi Precious mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii yote kabla hujanihukumu, kwa sababu mwanzoni utaona ni habari za mapambo ya Krismasi tu na utasema huyu mama hana kazi, lakini mimi tangu wiki ya pili ya Majilio sina raha, rozari naianza vizuri nikifika katikati nimesahau niko wapi, na leo ni siku ya pili ya Krismasi, wenzangu wamelala wameshiba pilau, mimi nimekaa na kalamu.

Nina miaka hamsini na minne, elimu yangu ni darasa la saba, ni fundi cherehani, na tunaishi huku Ilemela upande wa Igombe, nyumba yetu imeegemea mawe na chini tunaliona ziwa. Mume wangu, mzee Machibya, ni seremala na amefundisha kwaya ya parokia yetu zaidi ya miaka thelathini. Sisi Krismasi hatununui kitu cha dukani, tangu tumeoana ni hivyo. Pango tunalitengeneza kwa mifuko ya saruji iliyopakwa majivu hadi inafanana na mawe ya hapa kwetu, nyota ni ya mafunjo, malaika ni wa maganda ya mahindi, kondoo tunawabandika pamba ambayo shemeji ananiletea kutoka shambani Misungwi, na majani ya malishoni ni ulezi tunaouotesha kwenye sahani. Na kila mwaka mzee anatunga wimbo mmoja mpya wa sauti nne, sauti ya kwanza anaimba binti yetu Queen, ya pili ni mimi, ya tatu ilikuwa ya kijana wetu Luhaga, na besi anaishika mzee mwenyewe.

Sasa kuna kitu kingine ambacho ndicho kilichoniletea haya yote. Pamoja na Yesu, Maria na Yosefu, kila mtu wa nyumba yetu anajifinyanga mwenyewe, kisanamu cha urefu wa kiganja, akiwa amebeba zawadi anampelekea Mtoto, na udongo tunauchimba pale pale ufukweni. Hatuuchomi. Tunauanika kivulini tu, kwa sababu tarehe sita Januari tunashuka wote mpaka ziwani tunaimba, kila mtu anaweka sanamu yake majini, inalainika, inayeyuka, tunarudi nyumbani kula. Mzee husema mtu asijing'ang'anie, mwaka mpya ajifinyange upya. Watu wa jumuiya wanatucheka, lakini kila mwaka wanakuja kutazama.

Luhaga alijifinyanga na ngoma kifuani. Ngoma ya kweli aliichonga mwenyewe akaiwamba ngozi. Kesho kutwa inatimia miaka mitatu tangu aondoke na ngoma hiyo kwenda kisiwani kupiga kwenye harusi, tarehe ishirini na nane Desemba, asubuhi, jua linawaka, na upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka. Watu wanne waliokolewa. Yeye hakuonekana, akiwa na miaka ishirini na tisa, ameacha mke anaitwa Selestina na mtoto Favour wa miaka miwili. Siku ya tatu wavuvi wakatuletea ngoma yake, waliikuta inaelea imekaa wima juu ya maji kama bakuli, ndani haina hata tone.

Tarehe sita ilipofika mwaka ule tukashuka ziwani na sanamu zetu, na mimi nikasema ya Luhaga nabaki nayo mpaka apatikane. Hakuna aliyenibishia. Ila walichojua ni hicho tu, na hapa ndipo naomba uniombee. Udongo mbichi haukai, Shangazi, ndani ya mwezi mmoja sanamu ilianza kupasuka shingoni, nikaona mwanangu anakatika kichwa mikononi mwangu. Nikaifunga kwenye kitenge nikaipeleka Misungwi kwa mama mmoja mfinyanzi, nikamwambia mama, nichomee hii pamoja na vyungu vyako, na usiniulize. Akaichoma. Ilitoka nyekundu mwili mzima na doa jeusi la moto chini ya miguu. Nikaipaka juu udongo mwepesi kama uji ili ionekane mbichi kama zamani, nikairudisha sandukuni, na kila Majilio naitoa naipaka tena kwa siri, naiweka pangoni na wenzake. Mzee hajui, Queen hajui, Selestina hajui.

Mwaka huu tulianza vizuri. Queen alikuwa ananitania kwamba kondoo wangu ana masikio ya sungura, "Mama, Yesu atashtuka," na mzee akasema, "Mwache mama yako, kwani Bethlehemu sungura walikatazwa?" Selestina naye alicheka, na nilifurahi, maana mkwe wangu huyu hacheki siku hizi. Mwezi Novemba baba yake, mzee Odoyo, alikuwa amekuja kutoka Rorya. Ni mtu mpole, katekista. Alikaa akanywa chai akaniambia, "Mama Luhaga, sijaja kumchukua mtoto wangu kwa nguvu, nimekuja kuomba tumzike mkwe wangu." Nikamwuliza atamzika nani, mwili ameuona wapi? Akaniambia kwao mtu akipotelea majini asipatikane, wanazika badala yake tunda refu la mti wanaouita yago, wanalilia, wanamaliza matanga, mjane anakuwa huru. Na kuna mwalimu mmoja mjane kule kwao, Orwa, ameshauliza habari za Selestina kwa heshima. Nikamjibu vibaya, Shangazi. Nilimwambia, "Kalizikeni tunda lenu huko huko, mwanangu si tunda." Akaweka kikombe chini akasema, "Haya mama, chai yako nimeshakunywa, siwezi kugombana na wewe." Ndipo Selestina, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema, "Baba, nipe mpaka tarehe sita. Nitamuuliza mwenyewe." Nikadhani anasema habari za sala.

Baada ya hapo mambo yakaanza, na si usiku, ni mchana kweupe. Mimi mchana nakuwa kibandani kwangu kwenye cherehani, nyumbani anabaki Selestina na mtoto, wanalala kidogo kwa sababu ya joto. Siku ya kwanza nimerudi saa nane, mawe ya nje yamepata moto hauwezi kukanyaga, huko ziwani wale wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi juu ya maji wamesimama kama moshi mweusi, nyumba kimya, naingia sebuleni naona sanamu zote zimekauka mpaka zimeanza nyufa, ila ya Luhaga imelowa. Imelowa chapachapa, maji yanachuruzika kwenye ngoma yake. Na ilikuwa imegeuka. Niliiweka mwisho wa msafara inamwangalia Mtoto, sasa imempa Mtoto mgongo, inatazama mlangoni.

Nikasema bati linavuja. Nikamwita mzee akapanda juu, akalikuta bati ni zima. Nikaifuta, nikaigeuza. Baada ya siku mbili tena, imelowa, inatazama mlangoni. Nikachovya kidole nikanusa, na hayakuwa maji ya bomba, sisi bomba lipo hapo hapo mlangoni na maji yake yananuka dawa, haya yalikuwa ya ziwa, yana ule ubichi wa dagaa. Nikaenda kumwamsha Selestina nikamwuliza kama ameona mtu, akaniangalia macho makubwa akasema, "Hapana, mama, sijaona mtu." Hata kanga yake ilikuwa bado na unyevu, siku hizi anapenda kushuka kufua ziwani, anasema huko kuna upepo.

Imekuwa hivyo mara nyingi. Ule udongo mwepesi niliopaka unatoka, chini ya macho imebaki michirizi, na pale mdomoni umetoka kabisa, kwa hiyo uso wote ni wa kijivu halafu midomo ni myekundu kama ya mtu aliye hai. Naogopa kuipaka tena. Naogopa kuigusa.

Na kuna ngoma. Wimbo wa mwaka huu mzee kama kawaida ameacha sauti ya tatu wazi, kuna mahali katika kiitikio ilipaswa kuimba peke yake mapigo manne, sasa sisi tukifika hapo tunanyamaza, tunahesabu moja, mbili, tatu, nne, tunaendelea. Jumapili ile kabla ya Krismasi baada ya misa ya kwanza tumefanya mazoezi sebuleni, tumefika hapo, tumenyamaza, na ile ngoma ya Luhaga tunayoiweka pembeni imeunguruma. Hakuna aliyeigusa. Queen akasema, "Baba, umesikia?" na mzee akasema, "Hesabu, binti," tukarudia, na ikaunguruma tena pale pale.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe ishirini na tatu tunachambua mchele mimi na Selestina, akaniambia bila kuinua uso, "Mama, nimemuuliza. Amekataa." Nikamwambia nani? Akasema, "Mume wangu. Nimemuuliza mara tisa. Hataki kwenda." Akampigia baba yake simu mbele yangu akamwambia asije tena kwa jambo lile, na yule mwalimu aambiwe asisubiri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga ishara ya msalaba nikashukuru. Lakini tangu siku hiyo Selestina hali chakula. Anakunywa uji kidogo, amekonda, hapiti tena sebuleni, anazunguka nje kuingia jikoni, na jana, Krismasi yenyewe, Favour amemletea malaika wa maganda ya mahindi akamrudisha, akamwambia, "Peleka kwa baba yako, ndiye mwenye nyumba."

Shangazi, nifanye nini? Nimwite Padre abariki nyumba? Mwanangu anataka nini kwangu, amekasirika kwamba nilimtia motoni? Nimwambie mzee? Na je, niiweke tena sandukuni tarehe sita au niivunje? Siwezi kuivunja. Nakuambia ukweli, mikono haitaniruhusu. Nitaileta barua hii mwenyewe kwenye sanduku la ofisi ya gazeti lenu, nikirudi nitasema nilikwenda kununua nyuzi.

Ni mimi,
Mama Luhaga, Igombe.

*

Mama Luhaga,

Nimesoma yote, na nimesoma mara ya pili. Pole kwa mwanao. Pole ya kweli, kwa sababu miaka mitatu bila kaburi ni mirefu kuliko miaka mitatu yenye kaburi, na mtu ambaye hayajamkuta asikuambie uharakishe. Nimeiruka foleni ya barua zote ili ujibiwe kabla ya tarehe sita. Pole imeishia hapo, sasa nisikilize.

Nani kwenu anachota maji ya ziwa wakati bomba liko mlangoni? Umeandika mwenyewe. Nani anabaki nyumbani saa ile ambayo sanamu inalowa? Umeandika mwenyewe. Nani alisimama mlangoni akasema atamuuliza mumewe mpaka tarehe sita, halafu akaja kukuambia amemuuliza mara tisa? Mama, mkwe wako hakumuuliza kwa sala. Amemuuliza kwa maji. Kwenu udongo ukiwekwa majini unalainika na kwenda, na yeye mmemlea kwenye desturi hiyo. Kwa hiyo mchana, ukiwa kwenye cherehani yako, alichota maji kule kule alikopotelea mumewe, akayamimina juu ya sanamu ile, akasubiri ilainike kidogo tu, kidole tu, apate ruhusa. Wewe ulikuwa umeshaichoma.

Unaelewa alichokiona? Udongo unaomwagiwa maji mara tisa na hautoki hata ukucha. Badala yake unabanduka ngozi ya juu na chini unatokea mdomo mwekundu. Wewe unaogopa kupita sebuleni kwa sababu sanamu imelowa. Yeye anaogopa kupita sebuleni kwa sababu haiyeyuki. Mnalala nyumba moja, mnachambua mchele kwenye ungo mmoja, kila mmoja anatetemeshwa na siri ya mwenzake. Amemuuliza mumewe, na aliyemjibu ni wewe.

Sikuwepo, naweza kukosea. Muulize, utajua.

Kuhusu sanamu kugeuka, mtu anayemwagia kitu maji huku anasikiliza mlango hakumbuki kilikuwa kinatazama wapi. Kuhusu ngoma, baba yangu mdogo alikuwa mpiga ngoma, na alituonyesha kwamba ngozi iliyowambwa vizuri hujibu sauti nzito ikiimbwa karibu nayo, na mumeo ana besi. Hilo ndilo ninalolijua. Lakini umesema inaunguruma mkiwa mmenyamaza wote. Kwa hilo sina jibu, na sitajifanya ninalo.

Mwanao hajakasirika kwa sababu ulimtia motoni. Mama aliyeona shingo ya mtoto wake inapasuka akatafuta moto wa kuishika, sina ujasiri wa kumgombeza. Nakugombeza kwa siku ile ya mchele. Ulisikia mwanamke kijana anakuambia amefungwa maisha, ukaenda nyuma ya nyumba kushukuru. Hapo ulikosea, na unajua, ndiyo maana umeandika. Tena umeliandika gazetini jambo ambalo hujamwambia mtu wa ndani! Majina nimeyabadilisha, lakini sanamu ni ile ile, na gazeti hili linatoka Ijumaa na litafika Igombe kabla ya saa nne asubuhi. Mwambie kabla jirani hajamsomea.

Fanya hivi. Leo usifungue kibanda. Chukua sanamu, chukua beseni, mwite Selestina mkae chini wote wawili, mchana, mlango wazi. Iosheni udongo wote wa juu mpaka ibaki nyekundu. Igeuze umwonyeshe lile doa la moto chini ya miguu. Mwambie, "Mwanangu, si yeye aliyekataa, ni mimi niliyeichoma." Sema neno hilo tu, usiongeze jingine. Usianze kujitetea, usilie kabla yake. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa. Akiondoka akaenda kusimama nje kwenye mawe, muachie nafasi, lakini uji wake uwe tayari.

Mzee Machibya mwambie siku hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa anaacha sauti ya tatu wazi miaka mitatu anajua zaidi ya unavyodhani. Padre mwite, lakini aje baada ya wewe kusema, si kabla, maana maji ya baraka juu ya sanamu ile kabla hujasema yatateleza kama yale mengine.

Mzee Odoyo mpigie wewe mwenyewe, usimtume Queen. Mwombe radhi kwa neno lile la tunda. Mwambie uamuzi ni wa binti yake na nyumba yako haina kizuizi. Mimi sikuambii Luhaga amekufa, sijui. Wewe ni mama yake, una haki ya kumsubiri mpaka siku unayoingia kaburini, na hakuna wa kukupangia. Ila msubiri kwa miaka yako mwenyewe, usitumie ya Selestina.

Na sanamu usiivunje, wala usiirudishe sandukuni. Tarehe sita mpe Selestina mkononi, mbele ya wote. Akitaka ikazikwe Rorya pamoja na tunda, iende. Akitaka kuitupa ziwani, itupwe, haitayeyuka, itakaa chini huko nzima ilivyo na ngoma yake, na pengine hilo ndilo ulilolitaka tangu mwanzo. Akikurudishia wewe, pokea, lakini iwe ni yeye aliyekupa.

Kabla hamjashuka kwenda ziwani, mwambie mumeo aandike ile sauti ya tatu. Selestina amekaa na mwanao miaka mingi, anaijua sauti yake kuliko karatasi, aimbe yeye. Msinyamaze tena hapo. Yajazeni yale mapigo manne yote, na ngoma ikijibu, iacheni ijibu, halafu endeleeni na ubeti unaofuata.

Shangazi Precious